Malezi ya Nyumbani: Mtumbwi wa Uani

Mwezi wa Februari mwaka 1877, mahali mto Aruwimi uingiapo katika mto Kongo, hapa kwetu Basoko, Stanley alikutana na mitumbwi ya wenyeji. Aliandika kwamba alihesabu mitumbwi 54, na ule uliokuwa mkubwa kupita yote ulikuwa na wapiga kafi 40 kila upande, wote wakiinama na kuinuka pamoja. Siku ile iliishia katika risasi, nalo ni jambo la huzuni. Lakini sisi hupenda kuwafikiri wale watu 80. Twadhani hawakuanza kujifunza katika mtumbwi mkubwa.

Mama mmoja alitulalamikia kwamba watoto wake sita hawawezi hata kuteka maji pamoja bila ugomvi: kila mmoja aamrisha, hakuna asikiaye. Tulimjibu awape mchezo kabla ya kuwapa fimbo.

Waketishe uani katika safu mbili, kama walio mtumbwini, kila mmoja na kijiti mkononi. Mmoja aketi nyuma kabisa, mahali pa mshika usukani. Yeye peke yake ana ruhusa ya kusema. Akitaja upande, upande ule tu upige kafi. Akisema “tulieni”, vijiti vyote viinuke. Aanze kwa sauti kubwa, kisha aishushe kidogo kidogo mpaka awe ananong’ona. Anayekosea hafukuzwi, bali mtumbwi wote huanza upya. Sheria hii msiibadili. Mtoto akitolewa, wenzake humcheka. Wote wakirudi mwanzo, mkubwa huanza kumwangalia mdogo. Kila mmoja apate zamu ya usukani, hata yule mnyamavu. Yeye mara nyingi huongoza vizuri kuliko mpiga kelele.

Baba naye aketi katika safu, si nyuma. Tulimwona mmoja aliyeharibu safari mara tatu kwa sababu hakuweza kungoja neno la binti yake wa miaka saba. Alicheka, lakini si sana.

Mchezo wa pili ni wa ngoma. Jirani zetu Walokele, huko juu kuelekea Kisangani, walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Bwana Carrington, mmisionari wa Kibaptisti wa Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba katika lugha yao maneno “mwezi” na “kuku” yana mlio mmoja. Kwa hiyo mpigaji huongeza: mwezi ni ule unaoitazama nchi, kuku ni yule mdogo aliaye kiokio. Msikilizaji hana budi kungoja mpaka mwisho ndipo aelewe. Ni wangapi kati yetu wangojao hivyo mke au mtoto anaposema?

Tafuteni makopo mawili, kubwa na dogo. Kila mtoto apewe jina la mapigo manne. Mwiteni kwa mapigo hayo akiwa katikati ya shughuli nyingine. Wakizoea, pigeni majina matatu mfululizo, na hao watatu waje wainue benchi pamoja, bila kusema neno.

Wasichana wanao tayari nzango wao, wa makofi na miguu, uliochezwa hata katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville mwaka 2015. Hapo hatuna la kuongeza, ila msiwaite jikoni kabla hawajamaliza.

Nasi tuishio kando ya mto tuna sababu nyingine. Mawimbi ya meli yafikapo, abiria husimama wote kwa hofu, na mtumbwi hupinduka. Basi jioni moja rudieni mchezo wa kwanza. Safari hii wengine wazunguke wakipiga kelele nyingi, naye mshika usukani aseme mara moja tu: “Kaeni!” Kisha hesabuni walioketi.