Kisangani inahitaji habari ya mto kila asubuhi

Kila mwaka, mvua za Oktoba na Novemba zikichanganya, wakaaji wa kando ya mto Kongo mjini Kisangani hupima maji kwa macho. Siku ya kwanza, maji hufunika jiwe ambalo wamama hufulia nguo. Siku ya pili, mitumbwi iliyofungwa kwenye mti hukutwa imesogea karibu na njia. Siku ya tatu, wauzaji wa makala huhamisha mifuko yao juu zaidi. Siku ya nne au ya tano, maji huingia katika nyumba za kwanza, na hapo ndipo neno mafuriko huanza kusikika kwenye redio na midomoni mwa viongozi.

Siku zile za mbele ndizo mji unazipoteza. Maji yalikuwa yakipanda mbele ya watu wote, lakini hakuna aliyesimama asubuhi kusema yamepanda kiasi gani, yanaendelea au yanarudi, na nani anapaswa kuhama. Mji unaoishi kwa mto kama Kisangani hauwezi kuendelea hivyo.

Jiografia yenyewe inaonyesha ukubwa wa jambo. Kati ya Ubundu na Kisangani, mto huanguka mara saba katika maporomoko ya Boyoma, kwenye umbali wa karibu kilomita 100. Maporomoko ya mwisho ni yale ya Wagenya. Kutoka hapo, njia ya maji inafunguka hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700. Ndani ya mji, komine ya Lubunga iko ngambo ya kushoto peke yake. Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na komine ya Kisangani ziko ngambo ya kulia. Hakuna daraja linaloziunganisha. Mwanafunzi, mgonjwa, mama mwenye mzigo wa sombe na kijana wa toleka mwenye baiskeli yake, wote huvuka kwa mtumbwi au kwa mashua ya mota.

Kwa watu hao, hali ya mto ndiyo hali ya barabara. Tofauti ni kwamba barabara ikikatika, watu huona shimo. Mto ukibadilika, shimo liko chini ya maji.

Kwingineko katika nchi za Waswahili, jambo hili limekwisha kueleweka. Kwenye pwani ya bahari ya Hindi, mamlaka za hali ya hewa za Kenya na Tanzania hutoa habari za bahari: urefu wa mawimbi, nguvu ya upepo na upande unakotoka. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia kisiwa cha Mafia, watu wa pwani ya Tanzania walifuatilia safari yake siku baada ya siku. Waliambiwa kiko wapi, kinakwenda wapi, na upepo unatazamiwa kuwa na nguvu gani. Vyombo vya kusafiri kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa kabla kimbunga hakijafika. Kilipofika nchi kavu, nguvu yake ilikuwa imekwisha kupungua. Hata hivyo, hakuna mtu mwenye akili aliyesema kwamba onyo lilikuwa bure.

Mtu anaweza kujibu kwamba Kisangani haina bahari wala kimbunga. Ni kweli. Lakini hilo linafanya kazi iwe nyepesi, kwa sababu mto unatabirika zaidi kuliko bahari. Kimbunga kinaweza kugeuza njia usiku mmoja. Maji ya mto hayana njia nyingine. Sehemu ya yale yanayofika Kisangani yametoka kusini, yamepita Kindu katika Maniema, yameteremka zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu, ndipo yakaingia kwenye maporomoko. Maji yakipanda Kindu, Ubundu itajua baadaye, na Kisangani baada yake. Maji hayo yanakuja kwa miguu. Anayeyaona mapema akiwa na simu anaweza kufikisha habari kabla yao.

Ujuzi nao haukosekani. Régie des Voies Fluviales ina kazi ya kupima maji na kuweka alama za njia kwa vyombo vya mto. METTELSAT ina kazi ya kufuata mvua. Kipimo cha mto kule Kinshasa kinasomwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na ndicho kilichowezesha kusema, Januari 2024, kwamba maji yalifika mita 6.20, karibu kabisa na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Mwishoni mwa Desemba 2023, Régie ilikuwa imekwisha kuonya kwamba mafuriko makubwa yanakuja. Namba ilikuwepo, na onyo lilikuwepo. Lakini namba inayobaki katika ofisi haiinui kitanda cha mtoto kutoka kwenye maji. Mwaka ule, watu wengi walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika katika majimbo mengi ya nchi.

Kuna pia ujuzi mwingine, mkubwa kuliko umri wa kipimo chochote. Wavuvi wa Wagenya husimika miti yao mikubwa katikati ya mawe na kutundika mitego ya kikapu mbele ya mkondo. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyesoma maji. Wanajua mkondo unahamia upande gani maji yakijaa, na jiwe gani linajificha yakipungua. Wapiga kafi wa Lubunga nao wanajua saa ambayo upepo wa mvua huinua mawimbi katikati ya mto. Tatizo ni kwamba ujuzi huo unabaki kwa wenye kafi. Abiria anayelipa franga zake na kupanda hana njia ya kujua kama leo ni siku ya kuvuka au ya kungoja. Anamtegemea mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi anategemea abiria ili watoto wake wale. Katika hali hiyo, ni vigumu neno "tungoje" kutoka kinywani mwa yeyote kati yao.

Wapo wanaosema kwamba kinachoua watu majini si mto bali ni mizigo kupita kiasi, ukosefu wa majile ya kuokoa, na safari za usiku. Wana haki kwa sehemu kubwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka kwenye ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya wale waliokuwa wakiwangoja nchi kavu. Hakuna habari ya hewa inayoweza kuchukua nafasi ya askari wa bandari anayekataa kupokea kitu kidogo na kuachilia mashua iende.

Lakini mambo haya mawili yanashikana. Leo, anayekataza mashua kuondoka hana kitu cha kuonyesha. Neno lake linasikika kama njia ya kutafuta franga, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Kama kila mtu bandarini amesikia asubuhi ileile kwamba maji yamepanda na upepo unatazamiwa mchana, mzigo wa kawaida unakuwa mzigo mkubwa mno, na abiria wenyewe wanaweza kushuka. Habari inayojulikana na wote humpa raia nguvu ya kukataa, na humnyima mwenye cheo nafasi ya kuuza ruhusa.

Tena, habari hiyo si ya wakati wa mafuriko tu. Katikati ya mwaka, maji yakishuka, michanga huinuka na mashua za mbao zinazoitwa baleinière hukwama njiani. Chumvi, sabuni na esansi huchelewa, na bei katika soko kuu hupanda. Mfanyabiashara anayejua kwamba maji yanashuka hupunguza mzigo au hutangulia kusafiri. Asiyejua hulala juu ya mchanga akiangalia mihogo yake ikioza.

Kinachoombwa si mitambo ya pesa nyingi. Ni mtu wa kusoma kipimo kila asubuhi, Kindu, Ubundu na Kisangani. Ni ubao kwenye kila kivuko cha Lubunga na cha ngambo ya pili, wenye rangi tatu ambazo hata asiyejua kusoma anazielewa. Ni dakika mbili kwenye redio za mji, kwa Kiswahili na kwa Lingala, kabla watu hawajatoka nyumbani: maji yako hapa, jana yalikuwa pale, kesho tunatazamia hivi. Serikali ya jimbo la Tshopo inaweza kuanza na hayo bila kungoja mfadhili.

Bila shaka, siku fulani habari itakosea. Watu watahamisha vitu vyao na maji hayatafika, na wengine watacheka. Afadhali kicheko hicho kuliko yale yanayoonekana leo, pale viongozi wanapofika na majile wakati miili inatafutwa, na kutangaza marufuku inayosahauliwa kabla mwezi haujakwisha.

Asubuhi hii, kando ya mto, mama mmoja ameweka kijiti kwenye mchanga ili kuona kama jioni kitakuwa kimefunikwa. Anafanya kazi ya serikali, bila mshahara. Kijiti hicho ni kizuri kwa nyumba yake. Mji mzima unahitaji kipimo chake pia, na sauti ya kukitangaza.