Mlima Hautengenezi Chai

Taiwan huvuna takriban tani 14,000 za chai kwa mwaka na kuagiza kutoka nje karibu mara mbili ya hizo, sehemu kubwa ikitoka Vietnam. Nyingi ya chai hiyo ya nje huishia kwenye vikombe vya chai ya maziwa yenye vijipunje vya wanga wa muhogo, kinywaji kilichozuka Taichung au Tainan miaka ya 1980 (miji hiyo miwili bado inagombea sifa) na kisha kuenea dunia nzima. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Tangu 2015 maduka ya vinywaji ya Taiwan yanatakiwa kumwonyesha mteja majani yametoka nchi gani. Tatizo ni lile fungu linalobadilishwa jina njiani, likaingia kwenye pakiti iliyoandikwa Alishan au Lishan na kuuzwa kwa bei ya milimani. Kesi za namna hiyo zimefika mahakamani si mara moja, na chai iliyochanganywa imewahi kugunduliwa hata katika mashindano yenye heshima.

Ndiyo maana wakulima, maofisa na wanywaji wanaulizana: chai ya Taiwan ilindwe kwa njia gani? Jibu rasmi limekuwa ardhi. Kituo cha serikali cha utafiti wa chai, kilichoanzishwa mwaka 1903 wakati kisiwa kikiwa chini ya Japani, kina maabara inayopima madini yaliyomo ndani ya jani na kutambua kama mchai ulinyonya udongo wa Taiwan au wa kwingine. Naiunga mkono kazi hiyo bila kusita. Anayelipia chai ya Alishan apewe chai ya Alishan. Lakini kinga hii inakizungushia ua kile ambacho hakiwezi kuibwa. Udongo wa wilaya ya chai ya Nantou hauendi popote. Kinachotoweka ni ujuzi wa familia zinazokesha na majani usiku kucha, na ujuzi huo ndio ambao sera, bei na hata mashindano ya chai vimeupa kisogo.

Oolong husimama katikati ya chai ya kijani na ile nyeusi tuliyoizoea. Chai ya kijani hutiwa moto mapema ili isigeuke rangi. Nyeusi huachwa igeuke hadi mwisho. Oolong huachwa igeuke kiasi, na kiasi hicho ndicho kazi yote. Majani yaliyokwisha kukomaa kidogo huchumwa umande ukishakauka. Wachumaji hufunga kiwembe kwenye kidole cha shahada ili wakate kikonyo kwa haraka bila kukipondaponda. Majani hutandazwa juani yanyauke, kisha huingizwa ndani na kusambazwa kwenye nyungo za mianzi. Kuanzia hapo, kila baada ya muda fulani, mtengenezaji huyainua kwa mikono miwili na kuyatikisa, kwanza polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, baadaye kwa nguvu. Kingo za jani huchubuka, utomvu hukutana na hewa, na harufu huanza kusafiri: majani mabichi, halafu maua, halafu matunda.

Hakuna saa inayoongoza kazi hiyo. Upepo mkavu ukivuma, majani hukimbia. Ukungu ukishuka, hugoma kupoteza maji na kila mtu hungoja. Uamuzi wa kuyatia kwenye pipa la moto ili kuusimamisha mgeuko huja mara nyingi usiku wa manane au karibu na alfajiri, na hufanywa kwa pua. Ukiwahi, chai itabaki na ukakasi wa majani mabichi. Ukichelewa, maua yamekwisha kupita. Kesho yake majani hufungwa ndani ya kitambaa, hubanwa hadi yawe bonge gumu, hufunguliwa, hupashwa moto na kufungwa tena, mara nyingi mno, hadi kila jani lijikunje kuwa kidonge. Na kama ni oolong ya Dong Ding ya jadi, bado kuna kuoka: moto wa polepole, zamani wa mkaa wa mti wa longan, unaotengeneza ule utamu wa kina unaobaki kooni baada ya kumeza.

Watu wengi hudhani kwamba familia za Taiwan zimekuwa zikifanya hivi kwa karne nyingi. Mbegu, miche na maarifa vilivuka mlango wa bahari kutoka Fujian, China, ndiyo, na biashara ni ya zamani: mwaka 1869 mfanyabiashara Mwingereza John Dodd na mshirika wake Li Chunsheng walipeleka New York meli mbili zenye zaidi ya tani 120 za oolong kwa jina la Formosa, jina la zamani la Taiwan. Lakini kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo mkulima mdogo alikuwa sehemu tu ya mnyororo mrefu, na wenye kunufaika zaidi walikuwa wenye viwanda na wauzaji nje. Msomaji wa Kericho au Rungwe anaujua mpangilio wa namna hiyo: majani mabichi yanafikishwa kituoni, yanapimwa, na yatakayoyapata kiwandani si shauri la aliyeyachuma. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria ya Taiwan ilihitaji kibali cha kiwanda ili mtu atengeneze chai ya kuuza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1982. Mauzo ya nje yalikuwa yameanza kuporomoka, Wataiwan wenyewe walikuwa wameanza kuwa na fedha za kunywa chai nzuri, na familia zikapata ruhusa ya kuchuma, kutengeneza, kufungasha na kuuza chini ya paa moja. Katika nyumba nyingi za Alishan, na za Lugu kilipo kilima cha Dong Ding, sebule ndiyo duka na ghorofa ya chini ndiyo kiwanda.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina uzito katika mjadala. Familia inayotengeneza chai yake yenyewe, kama tunavyoiona leo, ilizaliwa kwa uamuzi wa sera, ndani ya umri wa mtu mmoja. Sera nyingine, au uzembe wa kutokuwa na sera, inaweza kuiua ndani ya muda huohuo.

Kilichofuata ni kuabudu mwinuko. Chai iliyolimwa juu ya mita 1,000 ikapewa jina la chai ya mlima mrefu, na bei ikaanza kupanda pamoja na barabara: Alishan, Shanlinxi, Lishan, hadi Dayuling kwenye mita zipatazo 2,500. Sababu ya ladha ni ya kweli na sitaibeza. Baridi na ukungu huchelewesha ukuaji, jani huwa nene, uchungu hupungua na kinywaji huwa laini kama maji ya chemchemi. Hata mtengenezaji wa kawaida hupata chai ya kupendeza kutoka kwenye majani ya huko. Tatizo liko hapohapo. Soko lilipozoea kulipia mita, halikuona tena sababu ya kulipia mikono. Vyumba vya viyoyozi vikarahisisha kunyausha, mgeuko wa jani ukafupishwa, kuoka kukaachwa, na chai nyingi ikasogea upande wa kijani: harufu kali ya maua dakika ya kwanza, kisha hakuna kitu. Wazee wa Dong Ding, ambao kilima chao hakifiki hata mita 800, walijikuta wakishindana na namba wasiyoweza kuibadilisha.

Mlima nao umelipa gharama. Barabara Kuu ya Kati inayokata kisiwa ilifunguliwa mwaka 1960, ikiwa imejengwa kwa sehemu kubwa na askari wastaafu waliokuja kutoka China bara na serikali ya Kuomintang, na wengi wao walibaki Lishan kulima matufaa na peasi. Matufaa ya nje yalipoingia kwa bei nafuu, bustani zikageuzwa za chai na kabeji. Miteremko ni mikali, na udongo pamoja na mbolea hushuka hadi bwawa la Deji. Tetemeko la Septemba 1999, lililoua zaidi ya watu 2,400, liliivunja barabara ile. Kimbunga Morakot cha Agosti 2009 kiliimwagia Alishan zaidi ya milimita 2,500 za mvua katika siku chache, na vilima vikaporomoka. Serikali ilipoanza kung'oa mashamba yaliyokuwa kwenye ardhi ya umma huko Dayuling, wapo walioomboleza kana kwamba chai bora kabisa ya Taiwan imezikwa. Mimi naona serikali ilikuwa sahihi, ingawa nakiri kwamba familia zilizolima pale kwa miongo zilistahili kusaidiwa kuhama kwa heshima.

Ukitaka ushahidi kwamba mwinuko si kila kitu, nenda Beipu na Emei katika wilaya ya Hsinchu. Vilima ni vifupi, joto la kiangazi ni la kuchosha, na majani huliwa na mdudu mdogo wa kijani, *Jacobiasca formosana*, anayefyonza utomvu wa machipukizi. Kwingine angepuliziwa dawa. Huko anasubiriwa. Mchai ulioumwa hutoa kemikali za kujihami, na mtengenezaji hodari huzigeuza kuwa harufu ya asali na matunda yaliyoiva. Mavuno ni kidogo, machipukizi huchumwa kwa mkono katikati ya joto, na chai inayotoka, ile inayoitwa Dongfang Meiren, ni miongoni mwa ghali zaidi kisiwani. Wenzao wa Lugu walijifunza jambo hilohilo kwa uchungu: baada ya tetemeko la 1999 bustani zilikosa wa kuzitunza, wadudu wakajaa, na badala ya kutupa majani, wakulima wakayageuza na kuyaoka wakapata aina mpya ya oolong yenye utamu wa asali. Jani lile lililoharibika liliokolewa na mikono iliyojua la kufanya.

Sasa tuitazame hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina nguvu. Tangu miaka ya 1990 Wataiwan wenyewe wamefungua mashamba Lâm Đồng nchini Vietnam. Wamepeleka aina za miche zilizozalishwa Taiwan, ikiwemo Jin Xuan ambayo mtafiti Wu Zhenduo na wenzake waliitoa mwaka 1981, na wamepeleka mashine na mafundi. Kama thamani iko kwenye ujuzi na si kwenye udongo, kama ninavyodai, basi chai hiyo ina kosa gani? Jibu langu ni kwamba haina kosa lolote, mradi iitwe chai ya Vietnam. Hata katika bustani za Taiwan, wachumaji wengi siku hizi ni wanawake wenye umri mkubwa, na miongoni mwao wamo waliozaliwa Vietnam wakaolewa kisiwani au wakaja kutafuta kibarua. Wanastahili ujira na ulinzi wa sheria, na kuwakebehi kwa jina la kulinda chai ya nyumbani ni aibu. Ila shamba la Lâm Đồng limejengwa ili litoe chai ileile, kwa wingi, kwa gharama ya chini. Familia ya Taiwan haiwezi kushinda mbio hizo na haipaswi kuziingia. Inachoweza kutoa ni chai ambayo msimu huu haikufanana na ya msimu uliopita, kwa kuwa mtu alikaa nayo akaisoma.

Hapa ndipo mashindano yanapobeba lawama kubwa kuliko wafanyabiashara wa chai ya nje. Chama cha wakulima cha Lugu kimekuwa kikiyaendesha tangu 1976, na mwanzoni yalikuwa mkombozi. Familia isiyojulikana ilikipelekea chama chai yake, waamuzi wakaweka gramu 3 kwenye kikombe, wakamimina maji ya moto, wakasubiri dakika 6, na muhuri wa daraja ukaifungulia soko. Lakini maelfu ya washiriki wakishindania ndimi za waamuzi walewale, wote hujifunza kutengeneza kile ambacho waamuzi hupenda. Wapo wanaonunua majani yaliyokwisha kutengenezwa kutoka maeneo mengine ya Taiwan, wakayaoka tu na kuyapeleka. Kopo linaposhinda, mnunuzi hulipia daraja, na aliyekesha na nyungo hatajwi.

Kijana wa Lugu anayepiga hesabu ya kurudi kwa wazazi au kubaki ofisini Taichung anaziona bei hizi vizuri kuliko mwandishi yeyote. Akiona kwamba kuoka vizuri hakumwongezei chochote ila ardhi ya juu humwongezea mara tatu, na yeye hana ardhi ya juu, atafanya nini? Kituo cha utafiti kinatoa mafunzo na vyeti vya utengenezaji, jambo jema, lakini cheti kisichoonekana kwenye bei hakimrudishi mtu nyumbani.

Ningependa chama cha Lugu kianze na msimu wa baridi ujao. Kila kopo linaloshinda lionyeshe, kando ya muhuri, bustani majani yalikochumwa, familia iliyoyageuza usiku ule, na aliyeyaoka kama si familia hiyo. Pawe na kundi la ushindani la chai za chini ya mita 1,000, lenye zawadi sawa na kundi kuu na waamuzi wanaobadilishwa. Na ruzuku itengwe kuwalipa mafundi wazee wakae msimu mzima na wanafunzi, wakilipwa kwa usiku wa kazi.