Daftari Lipo, Mali Haipo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Je, tuseme nini pale ambapo daftari lipo, limetunzwa sandukuni kizazi baada ya kizazi, na mali ikapotea vilevile? Swali hili lingali linawakera warithi wa ardhi zilizotolewa na wafalme wa Hispania, na baadaye serikali ya Meksiko, katika eneo ambalo leo ni kusini-magharibi mwa Marekani.

Mnamo Februari 2, 1848, Mkataba wa Guadalupe Hidalgo ulikomesha vita baina ya Meksiko na Marekani. Marekani iliahidi kuheshimu mali ya wakazi wa huko. Hata hivyo, Baraza la Seneti lilikifuta kifungu cha 10, kilichozitaja hati hizo bayana. Sheria ya mwaka 1851 iliwatwika wenye ardhi wa California jukumu la kuthibitisha umiliki wao. Aliyeshindwa kuwasilisha dai katika miaka miwili, ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya umma. Madai 813 yaliwasilishwa. Ni kweli kwamba baadhi yalikuwa ya kughushi, na kwamba mengi yalikubaliwa. Lakini kupata hati mpya kulichukua wastani wa miaka 17. Aghalabu familia zilikuwa zimekwisha kuiweka ardhi rehani, au kuiuza, ili kuwalipa mawakili. Zilishinda kesi, zikapoteza urithi.

Kwa mwanaisimu, kiini cha mkasa huu ni lugha. Hati zilikuwa za Kihispania, mahakama za Kiingereza. Mipaka ilielezwa kwa kijito, kilima au mti; wapimaji wapya walitaka vipimo na ekari. Huko New Mexico, hati iliyoitwa merced, yaani hisani, iliipa kila familia kiwanja na konde, ilhali malisho na kuni vilikuwa vya wote. Mwaka 1897, katika kesi ya Sandoval, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ardhi ya pamoja ilikuwa ya mfalme, na kwa hiyo ya serikali zilizomrithi. Wanakijiji wa San Miguel del Vado walidai ekari zipatazo 315,000. Wakaachiwa kama 5,000. Sheria ile ilijua "changu" na "cha serikali", "chetu" haikukijua.

Haki inatudai tukumbuke pia kwamba hisani ya mfalme ilitolewa juu ya ardhi ya wenyeji asilia, ambao hawakuulizwa.

Mwaka 2004, jimbo la New Mexico lilizitambua mercedes kuwa vyombo vya utawala wa mitaa. Hiyo ni heshima, wala si fidia, malisho hayakurudi.

Basi mwalimu wa historia asiishie kwenye tarehe za mikataba. Na awaulize wanafunzi wake: hati ya babu yenu imeandikwa kwa lugha gani, na nani ataisoma siku ya hukumu?