Milimita kwa siku? Acheni utani!

Leo siandiki juu ya Linux wala simu mpya. Nimekasirishwa na safu moja ya hifadhidata, ile inayoitwa mvua_kwa_siku.

Kwanza hesabu ya shule ya msingi. Chukua paa la mabati la mita 10 kwa 6. Mvua ya milimita 60 juu yake ni lita 3,600. Ikinyesha polepole kwa saa 24, zinateremka lita mbili na nusu kila dakika, nawe unalala usingizi mtamu. Ikinyesha yote kwa saa moja ni lita 60 kila dakika, yaani mitungi mitatu ya lita 20, kutoka paa moja tu! Zidisha kwa mabati yote ya Mathare, kando ya mto. Kwenye faili, siku hizo mbili zimeandikwa sawasawa: 60. Mafuriko ya Nairobi ya Aprili 2024 hayakungoja saa 24 ziishe ndipo yabebe nyumba za watu.

Mimi mwenyewe nimeumwa na safu hii. Niliwahi kumwandikia mteja programu ya kutuma tahadhari kwa arafa mvua ikipita milimita 50. Sasa, kipima mvua cha mkono husomwa saa tatu asubuhi. Siku moja dhoruba ilianza saa mbili unusu ikaisha kabla ya saa nne. Ikakatwa vipande viwili: 31 siku ya kwanza, 28 siku ya pili. Programu kimya! Nilikagua msimbo mara tatu, hauna hitilafu. Na hata kama ingelia, ingelia baada ya kipimo kusomwa, watu wakiwa tayari wanaanika magodoro.

Kuna watakaoniambia nitumie setilaiti. Haya. IMERG ya NASA hutoa kipimo kila nusu saa, lakini kila mraba wake una upande wa kilomita 11 hivi. Nairobi nzima ni kama miraba sita, na sote tunajua Westlands wanaweza kuloa huku Embakasi nguo zinakauka kwenye kamba. CHIRPS nayo naipenda sana kwa mambo ya ukame, inaanzia 1981. Lakini katika toleo la 2, takwimu zake za kila siku hutokana na jumla za siku tano zilizogawanywa. Ukitafuta dhoruba ya dakika 20 humo unajidanganya.

Na mambo hayatulii. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Jumla ya msimu inaweza kubaki ile ile huku dhoruba zikizidi ukali. Ukiwa na jumla tu, utachora grafu iliyonyooka na kutangaza hakuna kilichobadilika. Mwaka 1974 Fiddes, Forsgate na Grigg waliandika ripoti ya kukadiria mvua za dhoruba Afrika Mashariki, ambayo wahandisi wa mitaro wameitumia miaka mingi. Walikuwa na karatasi za vipima mvua vya saa, ambapo kalamu ya wino huchora mstari mvua ikinyesha. Wino! Sisi wenye tarakilishi tumerudi kwenye nambari moja kwa siku.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni kindoo kinachopinduka kikijaa, kwa kawaida kila milimita 0.2, na kila kikipinduka kinatoa ishara moja. Hifadhi muda wa kila ishara, baiti nane. Milimita 60 ni ishara 300, yaani baiti 2,400. Picha ya paka ni kubwa kuliko hiyo. Lakini nimefungua vifaa vinavyojumlisha ishara siku nzima na kutuma nambari moja usiku, eti kuokoa bando.

Kibaya zaidi, kindoo hupoteza maji kidogo kila kinapopinduka, na mvua ikiwa kali kinapoteza zaidi. Kosa hilo husahihishwa kwa kujua ukali wa mvua. Ukishatupa muda, umetupa na dawa yake. Yaani dhoruba mbaya kabisa ndizo tunazipima pungufu, halafu hatuwezi kurekebisha.

Msiniambie Afrika haiwezekani. TAHMO wameweka vituo kwenye shule, Kenya ikiwemo, na vinarekodi kila dakika tano.

Wiki hii nabadilisha programu yangu ipokee muda wa kila ishara. Ripoti za zamani za mteja zitavunjika, nitamweleza. Nawe unayeandika kitu kama hiki, anza na jedwali lenye muda na kituo, jumla zije baadaye. Na saa iwe UTC, tafadhali, nimechoka kutafuta saa tatu zilizopotea.