Muulizeni Susu kwa Kikamba

Susu alionyeshwa picha ya kikapu akasema, "Kyo... kyo..." Daktari kijana akasubiri, kisha akauliza tena kwa Kiswahili safi: "Mama, hiki ni nini?" "Kyo." Akaweka alama ya kosa. Chini ya karatasi akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa.

Huyu mwanamke amesuka vikapu kule Mutomo, Kitui, tangu kabla mamangu hajazaliwa. Kikapu kwa Kikamba ni kyondo. Alikuwa amefika nusu ya neno, na nusu hiyo ilikuwa sahihi.

Hospitali siitaji. Daktari mwenyewe hakuwa mtu mbaya: alikuwa amechoka, wodi imejaa, na kwao si Ukambani. Ninachopinga ni mazoea ya kudhani kwamba mtu akishindwa kusema lugha ya daktari, basi akili imemtoka.

Lugha ikiharibika baada ya kiharusi tunaita afasia. Si wazimu, si usahaulifu wa uzee na, pole mjomba, si kurogwa. Sehemu fulani za ubongo, kwa watu wengi upande wa kushoto, zikikosa damu, maneno yanagoma kutoka, au yanamwagika bila maana, na mara nyingi mwenyewe bado anajua anachotaka kusema. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu. Baadaye kidogo Ribot akashikilia kwamba kinachodumu ni kile tulichojifunza mwanzo. Mwaka 1895 Pitres akasema hapana, kwa mtu wa lugha nyingi hutangulia kurudi ile aliyoizoea zaidi. Ubishi huo haujaisha. Lakini kwa Susu wote wawili wangekubaliana! Kikamba ndicho alichozaliwa nacho na ndicho anachokiongea kila siku. Kiswahili ni cha sokoni na redioni. Sasa kwa nini tuanze kumpima na Kiswahili?

Najua jibu: "Si mtafsiri tu vipimo vilivyopo?" Kuna kipimo maarufu cha Boston chenye picha 60 za kutaja majina. Ndani yake kuna nyumba ya barafu. Nyumba ya barafu, Mutomo! Hata ukiziondoa hizo picha, Kikamba kina irabu saba na toni, na kitenzi kimoja kinabeba nani, lini na nini kwa pamoja. Lugha ya namna hiyo haivunjiki kama Kiingereza kinavyovunjika. Kipimo chake kinatakiwa kuundwa upya, na watu wanaoijua lugha yenyewe. (Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hiyo mnaweza kusema sina cheti cha kuongea haya. Sawa. Wenye vyeti waongee basi.)

Jibu lingine ni kwamba pesa hakuna. Mwaka 2016 Makueni walianzisha bima yao ya kaunti, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, wakati wengi walidhani haiwezekani. Kutengeneza picha za kyondo, mbuzi, mtungi na jembe, na kuzijaribu kwa wazee wazima wa Kitui na Makueni kwanza, si mzigo kama huo. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko hapo Kwa Vonza. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze lugha za asili, na sidhani walimaanisha ngoma za sikukuu pekee.

Mnadhani nakuza mambo? Ile karatasi haikubaki hospitalini. Mjomba aliibeba hadi kwenye kikao cha familia: mama hana akili tena, imeandikwa, kwa hiyo shamba tuuze sisi. Watu wakaisoma wakanyamaza, maana ina muhuri.

Mama mdogo, aliyeolewa Wote, alifika jioni. Hakuigusa karatasi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Susu, akamwekea kyondo mapajani, akamuuliza polepole kwa Kikamba: shamba liuzwe? Susu akatikisa kichwa. Akaulizwa tena, maneno yamegeuzwa: libaki? Akaitikia kwa kichwa, akamtazama mjomba mpaka mjomba akaangalia chini.