Katazo Peke Yake Halifundishi

Walimu-wanafunzi hushauriwa daima kuokota zana za kufundishia katika mazingira yao, na kwa walio pwani magamba ya baharini ni miongoni mwa zana hizo. Shauri hilo ni jema, ila lina mwiba ndani yake. Katika miamba ya Bahari ya Hindi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, huishi konokono mwenye gamba zuri la umbo la pia, ambaye wataalamu humwita Conus geographus. Jino lake lina uwazi ndani, mfano wa sindano, nalo huchoma kama chusa. Hupenya nguo, na mrija wa mdomo wake hufika mbali, hata hapana upande wa kumshika kwa usalama. Watu wamekufa kwa kuchomwa naye.

Wengi wetu tungetosheka kuwaambia watoto, "Msiguse." Sisi tunaona kwamba katazo lisilo na sababu husahauliwa mara gamba linapong'aa mchangani. Tena mchomo wenyewe pengine hauumi sana. Mtoto aliyezoea kupima hatari kwa maumivu atanyamaza; anayejua sababu atasema.

Na sababu inafundishika. Utando wa neva na wa msuli una milango midogo ya protini ipitishayo sodiamu. Habari ipitapo, milango hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, kisha milango hujifunga upesi. Katika sumu ya konokono huyu imo mu-konotoksini, ambayo huziba mlango kama kizibo katika shingo ya chupa. Huishika milango ya misuli kuliko ya neva: amri yafika, msuli hautii. Konokono wengine wa jamaa hiyo wana delta-konotoksini, ifanyayo kinyume: huchelewesha mlango kujifunga. Sodiamu huzidi kuingia, neva hutuma habari mfululizo, na samaki hukakamaa papo hapo. Mlango usiofunguka na mlango usiofungika, yote mawili ni maangamizi.

Basi wanafunzi wawili wasimame uwanjani kama mlango, wenzao wapite kama sodiamu kila mwalimu apigapo makofi. Kisha mlango uzibwe. Mara nyingine uzuiwe usifungwe. Mwalimu aulize kabla ya kueleza: msuli utafanya nini sasa? Wako watakaosema kwamba somo hili limezidi kimo cha shule ya msingi. Yaliyozidi ni majina. Mlango kila mtoto anaujua.

Mchezo huo usiwadanganye watoto kwamba sumu ni moja. Ni mchanganyiko wa nyingi, na nyingine huzuia habari kutoka kwenye neva kufika kwenye msuli. Lakini mwisho wake unaeleweka: misuli ya kupumulia hulegea. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Ndiyo maana aliyechomwa hutulizwa, kiungo chake hufungwa bendeji imara, naye hukimbizwa hospitali. Na pumzi ikikatika, hupuliziwa pumzi mpaka nguvu ya sumu ipungue. Mtoto aliyeelewa mlango ataelewa pia kwa nini pumzi ya mwenzake yaweza kumwokoa.

Kwa hiyo, mwalimu asiwatume wanafunzi kuokota magamba haya. Pia ya karatasi, iliyochorwa vizuri, inatosha kuwa zana.