Noeli haina sare

Kwetu Masisi na Walikale, na kwa wanaolala ugenini, Noeli imefika tena. Sokoni vitenge vimetundikwa mbele, viatu vya watoto vimepangwa chini juu ya shitingi, na bei ya mchele na mbuzi imepanda kama kawaida ya Desemba. Kwenye machimbo muziki unapigwa tangu mchana, na kijana aliyechimba wiki nzima anamaliza pesa yake usiku mmoja.

Sisemi kwamba furaha ni dhambi. Mtoto aliyekimbia vita anastahili shati jipya, na mama aliyekula muhogo mtupu anastahili kipande cha nyama. Ila kuna jambo moja linalouma: kila Noeli kuna watu wanaokosa ibada kwa sababu hawana nguo ya kuvaa. Wanajifungia ndani mpaka nyimbo ziishe, wasionekane na ile kitenge ya mwaka jana. Wengine wanakopa, na deni la Noeli na Bonane linakuja kula pesa iliyokuwa ya mbegu za maharagwe.

Tujiulize: siku ile ya kwanza, nani alikuwa amevaa vizuri? Luka, katika sura ya 2, anaeleza kwamba Yosefu na Maria walisafiri kwa amri ya serikali, wakakosa nafasi ya kulala, na mtoto akalazwa horini. Wageni wao wa kwanza walikuwa wachungaji wa mifugo waliotoka kulinda kundi usiku. Hawakupita sokoni kwanza. Matayo naye, katika sura ya 2, anasema familia hiyo ilikimbilia Misri usiku kwa sababu Herode alitaka kumuua mtoto.

Aliyekimbia Walikale-centre mwezi wa Machi 2025, M23 ilipoingia, hana haja ya kuelezwa habari hiyo. Wala aliyetoka kwenye kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari mwaka huo huo. Noeli ni habari yake kabla haijakuwa ya wenye maduka.

Wengine husema Noeli inataka kimya. Kwetu kimya ni jambo la kuogopesha: kijiji kikinyamaza, watu wanauliza wenye silaha wako wapi. Ndiyo maana kuna mahali ambapo mkesha unasaliwa mchana, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Kimya ninachokitaka mimi ni cha moyo. Familia ikae pamoja kidogo, simu na redio vizimwe. Tutaje majina ya waliokufa na ya wale ambao hatujui walipo. Mwenye ugomvi na jirani ainuke akamsalimie. Hayo hayagharimu hata franga moja, na baada ya Bonane hakuna atakayekuja kuyadai.

Kwa mapadri na wachungaji wetu nina ombi. Kabla ya tarehe 25, tangazeni wazi: njooni mlivyo. Viti vya mbele visiwe vya wenye nguo mpya, na asiye na sadaka asionewe haya.

Kwa wenye uwezo: kabla ya kununua kreti ya pili ya pombe, kumbukeni kwamba wakimbizi wengi wa kwetu hawako kambini. Wako katika nyumba za watu, wanagawana sufuria moja. Kilo chache za maharagwe kwa nyumba kama hiyo ni ibada.

Na wewe baba, wewe mama, uliyepokea familia ya pili chini ya paa lako dogo, usijione umekosa Noeli kwa sababu nyama haikutosha. Ulichofanya wewe, Betlehemu ilishindwa kukifanya.